Nilivyofunga redio mpya kwenye Carina TI bila kukata soketi za kiwandani

Redio iliyokuja na Toyota Carina TI yangu ya mwaka 1999 haikuwa mbovu. Kaseti ilikuwa inacheza, CD inacheza, na sauti yake ilikuwa nzito na safi kuliko ya redio nyingi za sasa. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa isikilizwe Japani, ambako FM ilianzia megahezi 76 na kuishia 90. Masafa ya juu ya hapo, 90 hadi 108, Wajapani waliyatumia kwa chaneli ya 1 mpaka ya 3 za televisheni ya analojia, na sehemu kubwa ya nchi yao ilizima analojia mwaka 2011. Ndiyo maana baadhi ya redio hizi zina kitufe cha TV: zilikuwa zinanasa sauti ya televisheni. FM yetu sisi ni 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani inaambulia ukingo tu, kuanzia 87.5 hadi 90, na huko kwingine kote ni kiziwi.

Watu wengi hapa Moshi hutibu jambo hili kwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachopachikwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Ekspanda ya 20 huchukua 105.7 ya Radio 5 ya Arusha na kuifikisha redioni kama 85.7. Bei yake ni ndogo, na kwa anayesikiliza kituo kimoja inatosha kabisa. Lakini piga hesabu ya Sauti ya Injili, ambayo Moshi inasikika 92.2. Ukitoa 20 inabaki 72.2, chini ya pale redio inapoanzia. Ukiiondoa ekspanda, 92.2 iko juu ya pale redio inapoishia. Ekspanda ya 12 ingeileta kwenye 80.2, sawa, ila Radio 5 ingekuwa 93.7, nje tena. Kila ekspanda inafungua mlango huu na kufunga ule.

Na mama yangu, ambaye ndiye ninampeleka kliniki hospitali ya KCMC, akishakaa kiti cha mbele na kufunga mkanda neno lake ni lilelile: "Baba, niwekee Sauti ya Injili." Nikaamua kubadilisha redio nzima.

Nilinunua Arusha, kwenye duka moja jirani na soko la Kilombero. Muuzaji alianza kunionyesha skrini kubwa za Android zinazocheza video. Nikamwambia, "Kaka, hizo ni nzuri, lakini naomba uniwashie FM." Akaunga redio kwenye betri ya dukani, akachomeka kipande cha waya mahali pa antena, tukasikiliza. Nashauri kila mnunuzi afanye hivyo kabla ya kutoa hela. Redio nyingi za bei ya chini zina skrini ya kuvutia na kipokezi cha FM dhaifu, na kwa anayetembea barabara ya Moshi kwenda Arusha, kipokezi ndicho kinachofanya kazi muda mrefu kuliko skrini. Nilichukua ya kawaida, ya DIN mbili (kimo chake ni cha redio mbili zilizopandana), yenye Bluetooth na USB. Haina nafasi ya CD, kwa hiyo ni fupi kwa nyuma na inaacha nafasi ya kupanga waya.

Kwenye boksi imeandikwa wati 50 mara nne. Usinunue redio kwa namba hiyo. Gari lina volti 14.4 injini ikiwa inaunguruma, na kwa spika ya omu 4 kipaza sauti (amplifaya) cha ndani ya redio, ambacho hakina kifaa cha kupandisha volti, hakiwezi kupita wati 26 hivi mfululizo hata kingekuwa hakipotezi chochote. Redio iliyoandikwa 50 na iliyoandikwa 60 zinaweza kuwa sawasawa kabisa.

Vitu vidogo viwili nilivinunua pamoja na redio, na ndivyo vilivyorahisisha kazi yote. Cha kwanza ni soketi za Toyota, ile kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6, zenye waya zinazoning'inia tayari kuungwa na za redio mpya. Cha pili ni masikio ya plastiki ya pembeni. Redio ya Toyota ina upana wa milimita 200, hizi za kisasa ni 178, kwa hiyo bila masikio hayo inabaki nafasi ya milimita 11 kila upande.

Fundi mmoja wa umeme wa magari kule Njoro aliniambia, "Mangi, hizo soketi tunakata tu, tunaunga rangi kwa rangi, nusu saa umeshaondoka." Alisema kwa nia njema na mikono yake ni myepesi. Nilikataa kwa heshima, na sababu yake ndiyo ningependa kila mwenye Toyota ya zamani aijue. Kwenye redio mpya, waya wa njano ni moto wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu ni moto wa swichi, na mweusi ni ethi, yaani hasi inayoungwa kwenye bodi ya gari. Kwenye soketi ndogo ya Toyota kuna njano na nyeusi pia, lakini hizo ni waya za spika ya nyuma kushoto! Nyekundu iliyopo hapo ni ya spika ya nyuma kulia, mwenzake ni nyeupe. Moto wa kudumu wa Toyota ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, ethi ni kahawia, na zote ziko kwenye soketi kubwa. Ukiunga rangi kwa rangi, redio itakosa umeme na spika zitaachwa zikining'inia kwenye waya zisizo zake.

Hata hivyo sikutegemea rangi peke yake, maana gari la miaka hii limepita mikono mingi. Nilitoa temino hasi ya betri kwa spana namba 10, nikachokoa fremu ya plastiki ya dashibodi kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kitambaa (bisibisi tupu inaacha makovu), nikafungua boliti nne zinazoshika redio na kuivuta polepole. Nikachomoa soketi, nikarudisha temino, nikashika testa. Waya unaosoma volti 12 na ufunguo ukiwa mfukoni ndio wa kudumu. Unaosoma 12 pale tu unapogeuza swichi hatua ya kwanza ndio wa swichi. Unaoamka ukiwasha taa ndogo ni wa kuwasha mwanga wa vitufe usiku. Ethi unaipima kwa kugusanisha na bodi.

Spika nilizipima kwa betri ndogo ya rimoti, ile ya volti 1.5. Gusa jozi ya waya kwa sekunde moja na spika husika inatoa mlio mfupi, unajua ni ya mlango gani. Kama karatasi ya spika inasukumwa kwenda nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Zikipishana, moja ikasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na watu wanalaumu redio. Halafu hakikisha hakuna waya wa spika unaogusa bodi. Hasi ya spika kwenye redio za sasa si ethi. Ukiifunga kwenye bodi unaua kipaza sauti cha ndani.

Maungio yote niliyafanya mezani nyumbani, waya za redio kwa waya za soketi nilizonunua, kwa risasi ya kuchomelea, kisha nikavisha vimirija vya plastiki vinavyonywea vikipata moto. Kusokota na kufunga tepu nyeusi kunafanya kazi leo, lakini dashibodi iliyopigwa jua la mchana hulegeza gundi ya tepu, na barabara zetu zinamalizia zilizobaki. Fyuzi iliyoko kwenye waya wa njano niliiacha mahali pake. Waya wa breki ya mkono, ule unaozuia video isicheze gari likitembea, nao niliunga kwenye swichi ya breki yenyewe. Wengi huufunga kwenye ethi ili video icheze gari likitembea. Kwa barabara yenye malori na bodaboda kama yetu, mimi hapana.

Baada ya hapo, ndani ya gari kazi ikawa ni kuchomeka soketi mbili na antena. Plagi ya antena isukume mpaka igonge mwisho. Na kama antena yako imechorwa kwenye kioo, mara nyingi ina buster, kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, inayohitaji umeme kutoka waya wa bluu wa redio. Usipouunga, vituo vitasikika kwa mbali hata ukiwa Moshi mjini.

Nikawasha. Radio 5 nilipokuwa Arusha ilitoka safi kama dukani. Lakini hapa Moshi, 92.2 haikuwepo: redio iliruka kutoka 92.1 kwenda 92.3, na kote kuwili sauti ilikuwa inakwaruza. Mtu angeweza kuilaumu antena akaanza kufungua dashibodi upya. Kumbe ni mpangilio wa eneo. Redio ilitoka kiwandani ikiwa kwenye Marekani, ambako vituo vya FM hukaa kwenye desimali zisizogawanyika kwa mbili tu: 92.1, 92.3, 92.5, na kuendelea. Ndiyo maana 105.7 ilikubali na 92.2 ikakataa. Nikaingia kwenye mipangilio redio ikiwa imezimwa, nikabadilisha eneo kuwa Ulaya, nayo ikaanza kutembea kwa hatua ndogo. Sauti ya Injili ikaingia wazi, hakuna mkwaruzo. Anayefunga redio iliyoletwa kutoka nje aanze na mpangilio huo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kitu cha mwisho nilichopima ni kama redio inakula betri gari likiwa limelala. Ufunguo nje, milango imefungwa, testa kati ya temino hasi na waya wake, nikasubiri kidogo. Ilisoma chini ya miliampea 50, kiwango cha kawaida. Wale wanaoamka asubuhi betri imekufa baada ya kufunga redio, mara nyingi waya mwekundu wao umeungwa kwenye moto wa kudumu pamoja na wa njano.

Sasa ninazitazama spika za milango ya mbele. Zinapima omu 4 vizuri, lakini kingo zake zimechanika kwa uzee, na redio mpya imezifichua: sauti ya mhubiri iko wazi, kwaya ikipandisha besi zinatetemeka. Nitazibadilisha mwezi ujao, na redio sitaigusa.