Kalamu nyekundu na mtoto asiyejua asome nini

Nikisikia tena mtu anamwambia mwanafunzi wangu "fuata moyo wako", nitamtoza faini. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mshauri wa masomo katika chuo kidogo hapa Ohio, Marekani, na bado sijauona moyo wa mtoto wa miaka 18 ukitaja fani.

Mimi nimetoka Morogoro, mchepuo wa PCB: fizikia, kemia, baiolojia. Matokeo ya kidato cha nne yalinipanga, nikapangika. Huku mtu anaingia chuo mikono mitupu, ana mpaka mwisho wa mwaka wa pili kutaja meja yake, yaani fani kuu. Kwenye krediti 120 za shahada, meja hula kama theluthi. Nyingine ni za kuonja onja: falsafa, takwimu, lugha, maabara. Raha, ila wengine huganda kama mtoto aliyefika dukani akasahau katumwa nini.

Mwanzoni niliwapa dodoso la kutafuta fani, maswali themanini hivi, ofisi ikalilipia dola mia na ushee. Wanafunzi kumi na wawili, tisa wakaambiwa wawe washauri wa masomo! Nikalijaza mwenyewe. Likasema nikatunze misitu.

Basi nikachapa orodha nzima ya kozi, kurasa arobaini na kitu, nikampa kijana mmoja wa familia ya Kikongo kalamu nyekundu. "Usichague chochote. Kata zile usizozitaka hata kwa dawa." Nyumbani walishamwita daktari tangu anatambaa. Nikajifanya nasoma barua pepe, namtazama kwa pembeni. Anatomia, kaikata. Kemia kaikata, akaangalia mlango kama mama yake amesimama pale, akaandika juu yake "kama lazima". Saa nzima. Zilizosalimika: jiografia, takwimu, historia ya magonjwa.

Nikamwandikisha ile historia. Wiki ya tatu kaja mbio kunisimulia John Snow, daktari aliyechora ramani ya vifo vya kipindupindu London mwaka 1854, vimerundikana kuzunguka pampu moja ya maji. Kanichorea pampu yenyewe nyuma ya bahasha yangu ya bili ya umeme. Meja: jiografia, na takwimu pembeni.

Mama akapiga simu. "Mwalimu, ramani itamupa kazi gani?"

Nikamweleza kwamba Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na meja yoyote inakubalika, mradi awe na baiolojia, kemia, fizikia na MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari. Akitaka kurudi kwenye udaktari, mlango uko wazi.

Akanyamaza. Kisha akauliza kama mtoto anakula vizuri, na kama ile kalamu ninayo bado, maana mdogo wake anakuja mwakani.