Wapwa wanne wa mzee wa mahindi

Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba hapa Busia, upande wa Uganda. Tuko 27. Tunakutana Jumapili alasiri nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, na mkutano unaendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu tuna Wasamia, Wateso, Wajaluo na Mganda mmoja ambaye kila wiki hujifanya hajaelewa zamu yake ya kulipa faini. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao hawapendani sana. Hilo tulilipanga.

Mwaka juzi, siku ya kuchagua mwenyekiti, mzee wa mahindi alifika na wapwa zake wanne. Kabla hatujakaa vizuri alikuwa ameshawalipia wote kiingilio. Vijana wameshika vitabu vipya, wino wa muhuri bado unachafua vidole. Katiba yetu ilikuwa haisemi lolote juu ya mwanachama wa siku moja, basi tukanyoosha mikono, na mzee akashinda kwa kura tatu. Wale vijana sijawatia machoni tena.

Kisa hicho kilinirudia nilipoanza kusoma habari za DAO, mashirika ya mtandaoni yanayoendeshwa kwa kura. Mpwa wangu (wangu mimi, si wa mzee) anasoma kompyuta Kampala, na deni lake alinilipa kwa tokeni 12 za UNI, yaani sarafu za kidijitali, badala ya shilingi. Nilikasirika. Kisha nikataka kujua nimepewa nini.

DAO ni shirika lisilo na ofisi wala mkurugenzi. Kanuni zake zimeandikwa ndani ya programu iliyo kwenye blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), na pesa za hazina hutoka wenye tokeni wakipiga kura. Mtu analeta pendekezo, watu wanapiga kura siku kadhaa, na likipita, programu yenyewe inatekeleza. Hakuna katibu wa kusema subirini kwanza. Na kwa kawaida kura zinahesabiwa kwa tokeni: mwenye moja ana kura moja, mwenye milioni ana kura milioni. Hao wa milioni wanaitwa nyangumi.

Uniswap, huduma ya kubadilishana tokeni na wenye UNI yangu, walitengeneza tokeni bilioni 1 mwaka 2020, na kila pochi (akaunti ya kutunzia tokeni) iliyokuwa imetumia huduma yao ikapewa 400. Pendekezo haliwezi kupita bila kura milioni 40 za ndiyo. Mimi na 12 zangu! Tena tokeni haihesabiki mpaka uikasimu, yaani useme nani ataipigia kura, wewe mwenyewe au mjumbe, na kukasimu kuna ada yake. Siku niliyojaribu, ada ilizidi nauli ya kwenda Tororo na kurudi. Nikaelewa kwa nini wengi wananyamaza.

Sasa wapwa wanne. Aprili 2022 kulikuwa na mradi wa sarafu ya kidijitali unaoitwa Beanstalk, nao ukiendeshwa kwa kura za tokeni. Kanuni yao ya dharura ilisema pendekezo likishakaa saa 24, theluthi mbili ya kura zinatosha kulitekeleza papo hapo. Mtu mmoja akaweka pendekezo la kuhamishia hazina kwake, akangoja siku ipite. Kisha akachukua mkopo wa papo hapo wa karibu dola bilioni 1, mkopo ambao huchukuliwa na kurudishwa ndani ya muamala huohuo, bila dhamana. Akauingiza kwenye mradi, akapata kura, akapitisha pendekezo lake, akachota, akarudisha mkopo. Yote kwa sekunde chache. Mradi ulipoteza dola milioni 182 hivi. Katika mapendekezo yake alikuwa ameweka pia la kuwapa Ukraine dola 250,000 za msaada. Hata mzee wa mahindi alitununulia soda.

Dawa yake inajulikana, na Uniswap wanayo: kinachohesabiwa ni tokeni zilizokuwa chini ya jina lako kura ilipofunguliwa, si ulizokopa leo. Wengine, kama Curve, soko jingine la tokeni, wanakutaka ufungie tokeni zako, hadi miaka 4, ndipo upate kura nyingi. Sisi tuliandika kwa kalamu: mwanachama mpya hapigi kura mpaka amalize mikutano 12. Tulifikia palepale kwa njia ya Busia.

Ila kuna kimoja ambacho wao hawawezi kukiiga kwa urahisi. Kwetu mtu hanunui zaidi ya hisa 5 kwa mkutano, hata uje na gunia la noti, na kura ni moja kwa kila kichwa. Mzee aliwahi kudai kura zifuate hisa, mama wa mukene (dagaa) akamjibu, "Mzee wangu, hata mimi nina kichwa." Likaisha. Kwenye blokicheni hakuna vichwa, kuna pochi, na pochi unaweza kufungua mia kabla chai haijapoa. Wapo waliojaribu hesabu ya kipeo cha pili: kura 2 zigharimu tokeni 4, kura 10 zigharimu 100. Nzuri, ila mwenye tokeni 100 akizigawa kwenye pochi 100, anapata kura 100 badala ya 10. Wapwa tena. Kwa hiyo nadhani hawahesabu pesa kwa kuwa wanazipenda kuliko sisi. Wanazihesabu kwa kuwa hawaonani. Matokeo yake ni kama ya Compound, DAO ya huduma ya mikopo ya tokeni, Julai 2024: kundi lililojikusanyia tokeni lilipitisha kwa kura 682,191 dhidi ya 633,636 kwamba likabidhiwe tokeni 499,000 za hazina. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Ilibidi wakae wapatane ndipo pendekezo likafutwa.

Mwishowe nililipa ile ada, nikamkasimu mjumbe mmoja kwa sababu huwa anaandika kwa nini amepiga kura ndiyo au hapana. Nilimsimulia mzee wa mahindi, ambaye bado ni mwenyekiti wetu na, niseme ukweli, si mbaya.

"Huyo mtu wako ukimtaka, unampata wapi?"

Nikamwambia hata jina lake halisi silijui, picha yake ni ya chura.

Mzee alinitazama kwa muda, halafu akaomba funguo zitolewe, tuanze mkutano.