Dirisha la usajili kimya sio timu mbovu

Jamani hapa Kigoma nikiingia kibanda umiza pale Mwanga nakuta watu wanasema timu isiposajili imekwisha, mi nawakumbusha Liverpool ya 2024. Kocha Slot kapokea kijiti kwa Klopp, aliyekuja kucheza msimu ule ni Chiesa tu, kiungo Zubimendi kagoma kuja, tukasemwa weee hamna benchi! Gravenberch akashushwa namba sita, kiungo mkabaji, akaupiga mwingi mpaka raha, huo ndo upana wa kikosi ninaoupenda mimi, mtu anatoka benchi anapewa kazi na anaiweza. Aprili 2025 tukampiga Spurs (Tottenham) 5-1, ubingwa wa ligi ya England wetu na mechi 4 bado zipo. Nililia kwa furaha. Na Alisson alipoumia Kelleher akasimama golini, penati ya Mbappé wa Real Madrid alivyoidaka mnakumbuka lakini?