Maji Yaliyoshiba Dawa

Kidoti cheusi kiko chini ya kichupa, kidogo kama punje ya habasoda. Kazi ni kumimina polepole maji ya bwawa yaliyochanganywa na dawa ya kupimia, huku unachungulia kwa juu, mpaka kidoti kipotee. Pale maji yalipofika ndipo unaposoma namba. Siku ile nilimimina kidogo tu. Mchanganyiko ulikuwa mweupe kama tui la kwanza, na kidoti kikamezwa hata kabla maji hayajafika mstari wa 100, ambao ndio wa chini kabisa. Nikamwaga, nikasuuza, nikapima tena. Yale yale. Kichupa hakikuwa na namba ya kunipa.

Ilikuwa Mei 2018, Shela, kisiwani Lamu, siku chache kabla ya Ramadhani. Nilikuwa mwaka wa tatu nikiangalia nyumba ya mtu aishiye Ulaya, nyumba ya kupangisha wageni, na uani mna bwawa dogo la kuogelea: mita 6 kwa 3, kina mita 1.2 kutoka upande mmoja hadi wa pili, ndani limepigwa neru, lipu laini ya chokaa. Lita 21,600. Hesabu hiyo naijua kama namba yangu ya simu.

Maji yalianza kunisumbua tangu wiki ya Pasaka. Yalifunga ukungu kwanza, kisha pembe zikaota kijani. Yule aliyekuwa akituuzia dawa nilimpigia simu, akaniambia niongeze vidonge. Nikaongeza. Kulikuwa na familia nyumbani, watoto watatu. Mama yao hakusema neno. Kila asubuhi aliwashika mikono akapita nao kando ya bwawa bila kuliangalia, akawapeleka baharini. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Wageni walipoondoka nikaketi na karatasi ya kipimo nikaisoma yote, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka wa kwanza. Vidonge vyetu vilikuwa vya aina inayotumika sana: klorini iliyofungwa pamoja na asidi ya sianuriki, ambayo sisi mafundi twaiita stabilaiza. Ni kinga ya jua. Klorini tupu ukiitia asubuhi kwenye bwawa lililo wazi, jua la hapa halikuachii kitu ifikapo alasiri. Ikiwa na stabilaiza kidogo, inadumu. Kidogo, kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita. Lakini klorini hufanya kazi yake ikaisha, na stabilaiza haiendi popote. Haipandi na mvuke, filta haiikamati. Jua hunywa maji, wewe unajaza, na yenyewe iko pale pale inangoja mwenzake wa wiki ijayo. Kila kidonge cha gramu 200 kikiyeyuka huacha zaidi ya gramu 100 za asidi hiyo, na kwa bwawa langu hizo ni kama miligramu 5 katika kila lita. Nilikuwa natia kimoja kwa wiki, viwili nyumba ikijaa, tangu Septemba.

Stabilaiza ikizidi huikumbatia klorini hata isiweze kupigana. Kipimo cha klorini kinaonyesha ipo, rangi inatokea vizuri, nawe unaona mwani ukiota mbele ya macho yako. Nikapima tena kwa njia iliyoandikwa kwa maji yaliyozidi: nusu maji ya bwawa, nusu maji safi, kisha namba unazidisha kwa mbili. Ikatoka 90. Yaani 180.

Kwa jambo hili hakuna dawa. Ni kutoa maji na kutia mengine.

Nilipomweleza mwenye nyumba, akasema basi limwage lote, lisuguliwe, lijazwe upya. Niliona ni sawa. Nikaandaa pampu na mpira, na kabla sijaiwasha nikamwita Ami, ndugu wa baba yangu, aje aangalie neru kama ina nyufa. Ami alikuwa fundi chokaa maisha yake yote, mabirika na mabwawa mengi ya Shela yamepita mikononi mwake, na wakati huo macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Akainama, akatia mkono ndani, akasugua vidole.

"Mai haya yashashiba, mwanangu," akasema. "Wataka kuyafanyaje?"

"Kuyamwaga yote, Ami."

"Umeuangalia mwezi?"

Sikumwelewa. Akanishika mkono akanipeleka kwenye kisima cha uani, kile cha maji ya chumvichumvi tunachofulia, akaniambia nichungulie nimwambie naona nini. Niliona ukuta wa kisima umelowa juu ya maji, utepe wa unyevu kama shubiri moja. Akaniambia hapo ndipo maji yalipofika usiku bahari ilipojaa. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, yaani bamvua linakuja, na bamvua halipandi ufukweni tu, linapanda na chini ya mchanga tuliokanyaga. Juu ya hayo ni masika, ardhi inakunywa mvua usiku na mchana. Bwawa likijaa lina uzito wa tani 21 na ushei, linakaa. Likiwa tupu, kwa maneno yake, ni chombo, na chombo kikipata maji chini kitaelea. Alishaona bwawa la nyumba moja ya pwani likimwagwa lote wakati kama ule. Kulipokucha sakafu yake ilikuwa imeinuka katikati na kupasuka kama ganda la yai.

"Toa nusu. Nusu iliyobaki ni farumi, uzito wa kukituliza chombo."

Nilibishana naye, nakumbuka. Nilikuwa na hesabu yangu. Ukitoa nusu, 180 inakuwa 90. Inabidi utoe nusu tena upate 45, kwa hiyo utakuwa umetumia maji ya bwawa zima. Ukitoa robo tatu kwa mkupuo mmoja unapata 45 ile ile kwa lita 16,200. Lita 5,400 si kidogo hapa kwetu. Ami alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hesabu ni ya kweli, lakini yule anayeifanya hayuko chini ya sakafu kuona kinachosukuma.

Tukangoja maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Yaliangukia siku ya saba ya Ramadhani.

Kungoja kulitupa nafasi ya kufikiria jambo la pili, ambalo kwangu ndilo lililokuwa zito: maji ya kujazia tutayatoa wapi. Huku hakuna lori la kukuletea maji mlangoni, vichochoro ni vya watu na punda. Maji matamu ya Shela na ya mji wa Lamu yanatoka kwenye visima vya kwenye vilima vya mchanga nyuma ya kijiji. Mvua inanyesha juu ya mchanga, inazama, inakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Kwa hiyo kufungua bomba nikajaza lita elfu kumi, kisha elfu kumi nyingine, za watu kuogelea, katika mwezi ambao mama yangu anahesabu ndoo za kupikia futari, sikuona uso wa kulifanya.

Nyumbani kwetu tuna birika la kale chooni. Chini limejengewa bakuli la kaure, na mna visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Halijawahi kutiwa dawa hata tone. Nilimuuliza Ami kwa nini lile halichafuki na hili la klorini limeoza. Akasema maji ya birika huondoka. Kila mtu anateka kata yake, na kila jioni linaongezwa. Haya yako umeyafunga mwaka mzima ukayalisha.

Jibu la maji lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Sakafu ya juu ya nyumba ina kama mita za mraba 120, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nusu ya bwawa ni lita 10,800. Milimita 90 za mvua, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kwetu. Nikatengeneza mlizamu, nikaufunga mpira mpana hadi bwawani, na mdomoni nikaufunga shuka kuukuu kuchuja majani.

Vidonge nilishaacha kutia zaidi ya wiki, na kipimo cha klorini kikawa sifuri, maji meupe kabisa kichupani. Bila hivyo nisingethubutu kuyamwaga kwenye miti. Baada ya swala ya alasiri Ami akashuka ngazi za bwawa kwa uangalifu, akapima kwa futi, akachora mstari wa mkaa ukutani, sentimita 60 kutoka sakafuni. Nikawasha pampu. Mpira niliupeleka kwenye minazi ya upande wa bahari, mbali na bwawa lenyewe, na mbali na upande wa visima. Kila baada ya robo saa nikauhamisha, mnazi hadi mnazi, maji yasitwame mahali pamoja yakarudi chini ya sakafu.

Maji yaliposhuka, ukuta ukaonyesha siri zake. Juu palikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, umezunguka bwawa zima kama alama ya uji ulioungua kwenye sufuria, kazi ya yale maji magumu tuliyokuwa tukiongezea. Chini ya ukoko palikuwa na utelezi wa kijani ambao kwa juu nilikuwa nauona kama kivuli tu. Niliuparura kwa kucha, ukatoka kama ngozi ya maziwa. Niliona aibu. Nikasugua kwa kumbi la nazi, na swaumu yangu, jua la jioni likinichoma mgongo, na Ami juu yangu akinyunyizia ukuta maji kwa kata kila mara neru isikauke ikapasuka.

Maji yalipogusa mkaa nilitamani kuendelea. Chini kabisa niliona tope limelala pembeni, shubiri chache tu zaidi ningelifikia. Nikasema, "Ami, kidogo tu." Hakujibu. Alipapasa ukuta kwa mkono hadi kwenye swichi, akaizima.

Mvua ikatuadhibu kwa kutokuja. Usiku wa kwanza hakuna, wa pili hakuna, nami nalala kwenye kibaraza cha nyumba ya wenyewe nikiamka kila upepo ukivuma. Usiku wa tatu, watu wakitoka tarawehe, ikashuka. Nikakimbia juu nikauchomoa mpira, maana mvua ya kwanza ni ya kuosha vumbi na vinyesi vya ndege. Baada ya robo saa nikaurudisha. Sijui namna ya kumweleza mtu asiyewahi kungoja maji vile ile sauti ya mpira ulipoanza kukoroma, kisha kutema, kisha kumwaga moja kwa moja gizani. Ilichukua siku nane kufika juu.

Maji ya mvua nayo yana taabu yake. Hayana chokaa ndani, basi huitafuta, na yangeanza na neru ya ukutani. Ami alilijua hilo kwa uzoefu wa vidole, mimi nikalipima kwa kichupa: ualkali ulikuwa umeshuka mno. Nikatia bikabonati ya soda, kilo moja na nusu kwa awamu mbili, pampu ikizunguka. Na klorini nikabadilisha, nikatumia ile ya unga ya kalsiamu, ambayo haina stabilaiza. Huo unga niliuweka stoo nyingine kabisa na upawa wake peke yake. Ukikutana na vidonge vile vya zamani, hata vumbi lake tu kwenye kijiko, waweza kulipuka, na hilo namwambia kila kijana anayeanza kazi hii kabla sijamwambia lingine lolote.

Mara ya pili tulitoa nusu siku ya 21 ya Ramadhani, maji mafu tena. Mvua ilikuwa imepungua. Ilipobaki sentimita 15 nilingoja siku nne, kisha nikaenda kwa Ami nikamwambia. Tukakubaliana nijaze kwa bomba, usiku wa manane watu wamelala, kwa siku tatu, lita 900 kila usiku. Sikufurahi, lakini nilijaza.

Siku ya pili ya Idi alikuja amevaa kanzu na kofia yake ya vito, amebeba kaimati kwenye kikombe. Akaketi kwenye ngazi. Nikatikisa mchanganyiko, nikauacha utulie, nikakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Wakiona?"

"Nakiona, Ami." Nikapita mstari wa 100.

"Sasa?"

"Bado nakiona." Nikapita 80. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikauegemeza kwenye goti lake.

"Sasa je?"

Kidoti kilikuwa kimefifia, lakini kipo. Nikaongeza tone kwa tone, 70, 60, 50, na kidogo juu ya mstari wa 50 kikazama. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akanipa kaimati moja, akasema nikakioshe kichupa upesi kabla dawa haijakauka ndani yake.