Safari ya Key West na Mjomba, kuli wa Kilindini

Mjomba wangu alifanya kazi ya ukuli bandarini Kilindini tangu ujana wake mpaka magoti yakakataa. Mimi, mtoto wa dada yake, ni karani katika ofisi ya mawakili mjini Miami, kwenye meza ya majalada ya meli: shehena zilizolowa maji, mabaharia walioumia kazini, makontena yaliyofika nusu. Alipokuja kumtembelea binti yake, hakutaka maghorofa wala maduka. Alitaka kupelekwa Key West, kwenye ncha ya visiwa vya Florida, aione mali ya Nuestra Señora de Atocha, merikebu ya Kihispania iliyozama na shehena ya fedha mwaka 1622, ambayo habari zake alizisikia redioni Mombasa mwaka 1985 na hakuzisahau.

"Nataka kujua nani aliyeipata," aliniambia.

"Mel Fisher, Mjomba. Dunia nzima inajua."

"Huyo ni mwenye kampuni, mwanangu. Mimi nakuuliza nani aliyeipata."

Tuliswali alfajiri, tukabeba chupa ya chai na mahamri, tukashika barabara. Kutoka Miami hadi Key West ni kama kilomita 260, na ukishaiacha bara unakwenda kisiwa kwa kisiwa juu ya madaraja 42. Kushoto Atlantiki, kulia Ghuba ya Mexico, maji ya kijani kibichi pande zote mbili. Sehemu nyingi zina mabaki ya daraja la reli ya zamani, iliyofika Key West mwaka 1912, na Mjomba alikuwa akiyatazama hayo kuliko bahari yenyewe. Aliuliza walichimba vipi misingi chini ya maji, zege walilipakua kutoka chombo gani, na walioanguka walizikwa wapi.

Reli hiyo ilikufa siku moja. Tuliposimama Islamorada, kando ya barabara kuna mnara wa mawe ya matumbawe uliochongwa minazi iliyoinamishwa na upepo na mawimbi chini yake, na chini ya mnara kuna majivu ya waliouawa na kimbunga cha tarehe 2 Septemba 1935. Walikufa watu zaidi ya 400, wengi wao askari wastaafu wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliokuwa wamepewa kazi ya kujenga barabara hii hii tuliyopita. Walikaa kwenye kambi za mahema na vibanda karibu kabisa na maji. Treni ya kuwaokoa ilihitaji amri kutoka kwa wakubwa waliokuwa mbali, na amri ilichelewa. Treni ilipofika Islamorada bahari ilikuwa imeshapanda. Mabehewa yote yalipinduliwa, kikabaki wima kichwa cha treni peke yake. Mjomba aliomba nimsomee maandishi ya mnara, kisha nimsomee tena.

"Aliyekuwa na simu alikuwa pakavu," alisema.

Sikuwa na la kujibu. Nilimwonyesha tu kwamba tulikuwa tumesimama mahali penye kisa kingine. Visiwa hivi ni Matecumbe, na ndipo Mel Fisher alipoanza kuitafuta Atocha. Fisher alikuwa mfugaji wa kuku aliyehamia California, akafungua duka la vifaa vya kuzamia, kisha mwaka 1963 akahamia Florida na familia yake kutafuta merikebu za Kihispania. Atocha ilizama Septemba 1622 kwa kimbunga, siku mbili baada ya kutoka Havana. Watu 265 walikuwa ndani; walionusurika ni watano, mabaharia watatu na watumwa wawili walioshikilia mlingoti wa nyuma. Ndani ya ngama mlikuwa na matofali ya fedha zaidi ya elfu moja, dhahabu, shaba, tumbaku na nili. Waandishi wengi waliamini kwamba ilizama karibu na Matecumbe, na Fisher akapekua maji hayo bure.

Hapa ndipo nilipoitetea meza yangu. Aliyemtoa Fisher Matecumbe hakuwahi kulowa. Ni Eugene Lyon, mwanahistoria aliyekwenda Sevilla, Hispania, kwenye nyumba ya kumbukumbu za makoloni, Archivo General de Indias, akakaa na karatasi zilizotobolewa na wadudu na mwandiko wa karne ya 17 ambao hata Mhispania wa leo hausomi bila kufundishwa. Katika hesabu za ukaguzi za mtu aliyepewa kazi ya kuokoa mali ile miaka minne tu baada ya kuzama, Lyon aliona mahali pameitwa visiwa vya Marqués. Ni Marquesas, upande wa magharibi wa Key West, zaidi ya kilomita 150 kutoka tulipokuwa tumesimama. Mstari mmoja wa karani wa mfalme ulihamisha mashua zote.

Mjomba alinywa chai yake taratibu. "Karani alifanya kazi," alikubali. "Twende."

Daraja la Maili Saba tulilipita jua likiwa kali. Tukaingia Key West kabla ya adhuhuri: mji mdogo wa nyumba za mbao zenye vibaraza, jogoo wanaotembea huru barabarani, na watalii wengi kupita kiasi. Jumba la makumbusho la Mel Fisher liko karibu na bandari, katika jengo kuukuu la jeshi la majini.

Mjomba hakukaa sana kwenye minyororo ya dhahabu wala zumaridi za Muzo. Alisimama kwenye matofali ya fedha. Yana umbo la mkate mrefu, meusi pale chumvi ilipoyala, na juu yamegongwa alama: namba ya tofali, muhuri wa kodi ya mfalme, alama ya mwenye mali. Kwa namba hizo ndipo ilipojulikana kwamba kilichopatikana ni Atocha kweli. Mwaka 1973 wazamiaji walitoa matofali matatu, moja likiwa na namba 4584, na Lyon akaikuta namba hiyo katika orodha ya shehena kule Sevilla. Mengi yana uzito wa kilo 30 na zaidi. Mjomba alipiga hesabu palepale: gunia la kahawa Kilindini ni kilo 60, kwa hiyo matofali mawili ni gunia moja, na matofali elfu moja ni magunia mia tano. "Genge la watu kumi na mbili wanapakia asubuhi moja," alisema. Halafu akawafikiria waliopakia kwanza, Wahindi wekundu wa milima ya Potosí, Bolivia ya leo, waliochimba, waliobeba, walioshusha pwani. Hakuna namba yao iliyogongwa juu ya tofali.

Kuna picha ya mabomba makubwa yaliyopindwa kama kiwiko. Wazamiaji waliyafunga nyuma ya mashua, yakafunika rafadha, yakaelekeza maji chini kwa nguvu mpaka mchanga ukafukuka na kuacha shimo. Baada ya hapo mtu anashuka, anapapasa. Siku nzima unapapasa mchanga, mara nyingi hupati kitu, na kesho mashua inasogezwa kidogo na kazi inaanza upya. Hivyo kwa miaka 16, kuanzia 1969. Tarehe 13 Julai 1975 Dirk, mtoto wa Fisher, aliziona mizinga ya shaba ya Atocha. Wiki moja baadaye mashua yake ilipinduka usiku, wakafa Dirk, mkewe Angel na mzamiaji Rick Gage. Fisher aliendelea. Tarehe 20 Julai 1985, miaka kumi kamili tangu msiba ule, mtoto wake mwingine, Kane, alipiga redio kutoka baharini kwamba ramani ziwekwe kando: rundo la fedha limeonekana, limelala juu ya farumi, yale mawe ya kuipa merikebu uzito.

Tulikwenda kula wali na maharage meusi kwenye mkahawa wa Wakuba, na huko Mjomba akauliza la mawakili. Ni kazi ninayoijua, nikamweleza kwa raha. Jimbo la Florida lilidai robo ya kila kilichotolewa, na Fisher alikuwa ametia saini mikataba nalo. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi nyingine kabisa, ikaweka mpaka wa bahari ya jimbo, na pale Atocha ilipolala pakaonekana ni nje ya mpaka. Kampuni ya Fisher ikafungua kesi. Mshtakiwa ni merikebu yenyewe: kwa sheria ya bahari unaweza kukishtaki chombo, na kwenye majalada kimeandikwa kama chombo kisichotambulika, kilichovunjika na kutelekezwa. Serikali kuu ikaingia kudai kwamba mali ni yake. Mahakama ya Rufaa ikaikatalia mwaka 1978. Florida ikang'ang'ania vitu ilivyokuwa ikivishikilia, mpaka wakili wa Key West, David Paul Horan, aliposimama mbele ya Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Julai 1982 upande wa Fisher ukashinda. Mali kubwa ilikuwa bado iko chini ya mchanga. Walishinda kesi miaka mitatu kabla ya kuiona.

"Na wakishindwa?"

Nilimpa mfano wa Tampa, Florida hii hii. Mwaka 2007 kampuni ya Odyssey, inayotafuta merikebu zilizozama, ilitoa baharini karibu na Ureno sarafu zaidi ya nusu milioni, tani 17. Hispania ikathibitisha kwamba zilitoka kwenye Nuestra Señora de las Mercedes, meli yake ya kivita iliyolipuliwa mwaka 1804. Meli ya kivita ya dola haiwi mali ya aliyeiokota. Februari 2012 ndege mbili za jeshi la Hispania zilikuja kuchukua sarafu hizo, zikapelekwa makumbusho ya Cartagena, Hispania. Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haki. Naona pia kwamba Marekani ilifanya vema mwaka 1988, sheria mpya ilipoanza kuyapa majimbo umiliki wa merikebu zilizotelekezwa katika maji yao, kwa sababu bomba la rafadha linafukua fedha na kuharibu kila kitu kingine ambacho mtaalamu angekisoma. Kwetu Mombasa, Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira, ilichimbwa kwa uangalifu kuanzia 1977 hadi 1980. Haikutafutwa kwa ajili ya dhahabu, na vitu vyake viko ndani ya ngome hiyo hiyo mpaka leo, mtoto yeyote wa shule anaviona.

Mjomba hakupinga. Lakini alinirudisha makumbusho, kwa sababu kuna chumba hatukukimaliza. Mle mna vitu vya Henrietta Marie, meli ya Waingereza iliyozama mwaka 1700 baada ya kuuza watu 190 Jamaica. Watu wa Fisher waliikuta mwaka 1972 wakiitafuta Atocha. Kuna pingu za chuma, jozi zaidi ya 80 zilitolewa majini, na nyingine ni ndogo, mkono wa mtu mzima haupiti. Mjomba aliweka kifundo cha mkono wake karibu na kioo, akakitoa haraka, akasema inna lillahi.

Nikamweleza kuhusu Juan Bañón, ambaye jina lake lipo katika zile karatasi za Sevilla. Mwaka 1626 Francisco Núñez Melián alikuja Marquesas na kengele ya shaba ya kuzamia na wazamiaji watumwa, akaahidi uhuru kwa atakayeona kwanza merikebu iliyozama pamoja na Atocha, yaani Santa Margarita. Juan Bañón akaibuka na tofali la fedha mikononi. Alipewa uhuru. Melián alikuja kuwa gavana wa Venezuela. Nimewasoma mawakili wote wa kesi ya Atocha na ninawaheshimu, na Lyon ninamheshimu kuliko wote, ila karatasi aliyoisoma Lyon ipo kwa sababu mtu huyu alishuka. Ningekuwa na mamlaka katika makumbusho yale, jina lake lingekuwa la kwanza mlangoni, kabla ya la Fisher.

Jioni, tukirudi, nilimwambia jambo ambalo karani wa meli lazima alijue. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya meli ya Blackwall, ilipanga vigezo sita vya kumlipa anayeokoa mali baharini. Cha kwanza katika orodha ni kazi waliyoifanya waokoaji. Baadaye ndipo unakuja ustadi wao, thamani ya vyombo vyao, hatari waliyoikabili, thamani ya mali iliyookolewa, na hatari iliyoikabili mali hiyo.

"Kazi ndiyo ya kwanza?"

"Ndiyo, Mjomba. Imeandikwa hivyo."

"Na anayeipima hiyo kazi nani?"

"Hakimu. Analetewa hesabu za siku, saa na watu."

"Nani anaziandika?"

"Mara nyingi karani."

Alitaka nihesabu fungu la Juan Bañón kwa vigezo hivyo sita, kimoja kimoja. Nikasema sheria ya leo haiwezi kurudi 1626. Akasema hakuniuliza kuhusu leo. Tukaanza na kigezo cha kwanza tukiwa juu ya Daraja la Maili Saba, na tulipofika Miami usiku wa manane tulikuwa bado tunabishana juu ya cha nne.