Bardas bin Leo bin Bardas

Mamangu hamwiti kakangu kwa jina lake. Ni jina la mkwewe, na kulitaja ovyo anaona si adabu, basi tangu utotoni kakangu ni "Babu". Sasa ana mvi zake. Binamu zetu wawili nao ni somo zake, kwa hivyo kwetu yuko Babu, yuko Mrefu, na yuko wa Makadara. Ami aliponikabidhi daftari la nasaba nilipange upya, watatu hao ndio walionikalisha.

Nikapata wenzetu katika historia, ukoo wa Phokas. Waliopitia Mutanabbi, mshairi wa Kiarabu, wanamjua yule Dumustuq, yaani jemadari mkuu wa Warumi wa Konstantinopo, anayechekwa katika mashairi ya kumsifu Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab (Aleppo). Huyo ni Bardas Phokas. Mwaka 953 karibu na Marash alijeruhiwa usoni, na mwanawe Constantine akatekwa, akafia kifungoni Halab. Cheo kikaenda kwa mwanawe mwingine, Nikephoros, na huyu hakuwa wa kuchekwa: akatwaa Krete mwaka 961, Halab mwaka wa pili yake, na mwaka 963 akawa mfalme. Mwaka 969 akauawa chumbani mwake na mtoto wa dadake, John Tzimiskes.

Hapo ndipo majina yanapokoroga. Babake Bardas naye alikuwa Nikephoros, jemadari aliyepigana kusini mwa Italia. Ndugu yake Bardas aliitwa Leo, na Bardas akamtia mwanawe jina hilo hilo. Leo wa kwanza alishindwa na Wabulgaria mwaka 917, kisha akaasi, akapofushwa. Leo wa pili akala njama za kumpindua Tzimiskes, naye akapofushwa, mwaka 971. Jina hilo ningekuwa mimi nisingelirudia tena. Lakini mjukuu mmoja alipewa.

Wanahistoria huwatenganisha kwa "Mkubwa" na "Mdogo". Mimi sioni kama inasaidia. Bardas "Mdogo" alikufa mtu mzima, juu ya farasi, akiwa amejitangaza mfalme! Andika kama tunavyoandika sisi, mambo yanyooke: Bardas bin Leo bin Bardas bin Nikephoros. Kwa mstari mmoja nimejua babake ni yule aliyepofushwa, babu yake ni yule wa Mutanabbi, na jina lake kalitoa wapi. Mfalme aliyeuawa chumbani ni Nikephoros bin Bardas bin Nikephoros, yaani somo ya babu yake, kama kakangu.

Hapa Mombasa mtu hahitaji kufundishwa haya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alimwita mwanawe Ali, jina la babake. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyezikwa mwaka 2014 katika makaburi ya ukoo wao karibu na Fort Jesus. Ali bin Al-Amin bin Ali. Nani atawachanganya?

Nirudi kwa Bardas bin Leo, maana ndiye ninayempenda, ingawa alikuwa mtu wa fitina. Kwanza alitumwa kumpiga muasi mwingine, Bardas Skleros (ndiyo, Bardas tena), akamshinda mwaka 979. Mwaka 987 wakapatana waasi pamoja, kisha Phokas akamgeuka mwenzake akamtia ndani. Tarehe 13 Aprili 989, huko Abydos, akamwendea mbio mfalme Basil wa Pili, akaanguka ghafla akafa.

Aliacha mwana. Jina lake mwaweza kulikisia: Nikephoros bin Bardas bin Leo bin Bardas bin Nikephoros. Mwaka 1022 naye akaasi dhidi ya Basil yule yule, safari hii na mshirika aitwaye Nikephoros Xiphias. Wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na Nikephoros wetu akauliwa na watu wa upande wake.