Kifaru cha bati kilichonila miezi minne

Mimi ni fundi bati. Natengeneza majiko ya mkaa, mifereji ya maji ya mvua na tranka za wanafunzi, na masika yakikaribia naziba mapipa yanayovuja. Siku mwalimu mmoja mstaafu alipoingia kibandani kwangu Gerezani akaniuliza kama naweza kumtengenezea kifaru, nilidhani anataka mnyama wa kuweka bustanini.

"Siyo yule wa Ngorongoro, fundi. Kifaru cha vita."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Marehemu baba yake alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Mwaka 1944 alipelekwa Bama, kama wazee wenyewe walivyoiita Burma (Myanmar ya leo), pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa (Malawi ya leo). Waliteremka bonde la Kabaw mvua zikinyesha bila kukata, barabara imegeuka uji, wakiwasukuma Wajapani kuelekea kusini, na mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Ng'ambo ya mto ule, upande wa Shwegyin, mzee aliona vifaru vimelala vichakani. Vimeliwa na kutu, majani yamepenya kwenye minyororo. Havikuwa vya Mjapani. Vilikuwa vya Mwingereza mwenyewe.

"Baba aliisimulia hiyo kila tukikaa kunywa chai," mwalimu akasema. "Mambo ya risasi alikuwa anayapita haraka. Kilichomkaa moyoni ni chuma chote kile kutupwa kama makopo. Sasa nataka kimoja. Sitaki kinachopiga, nataka kilicholala."

Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa sijui ninachokisema.

Aliniachia jina tu: Stuart, aina ya M3. Kilitengenezwa Marekani kuanzia Machi 1941, na Waingereza ndio waliokipa jina la J.E.B. Stuart, jenerali wa upande wa Kusini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Askari waliokiendesha jangwani Libya mwishoni mwa mwaka ule, wakiwa wamechoshwa na vifaru vyao vilivyokuwa vikizimika njiani, wakakiita asali. Nikatafuta picha kwenye simu, nikachagua moja iliyotoka vizuri, nikaanza kukata bati.

Siku ya tano mwalimu akapita. Akainama, akaitazama pua ya kifaru changu, akatikisa kichwa. "Fundi, huyu ni mdogo wake."

Nilikuwa nimetengeneza M5. Bati lake la mbele limelala kwa mteremko na mgongo wa nyuma umeinuka, kumbe M3 ina uso uliosimama wima, ngazi kwa ngazi kama kabati. M5 ilianza kutoka kiwandani 1942 kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vinazigombea injini zilezile za kifaru, basi wakaweka injini mbili za Cadillac, za gari la kutembelea, na giaboksi inayojibadilisha yenyewe. Kifaru kizuri, lakini hakikuwapo kwenye habari ya baba yake mwalimu. Lile bati nikalifanya mlango wa oveni ya mkaa. Lipo hadi leo kwa mama mmoja anayeoka mikate Buguruni.

Nikaanza upya, safari hii kwa vipimo. Kifaru chenyewe kina urefu wa mita 4.5 hivi, upana mita 2.2, na kimo kinakaribia mita 2.5. Niligawanya kwa kumi. Urefu na upana vikanikalia vizuri, ila kimo kikanikera. Sentimita 25 kwa kitu chenye upana wa sentimita 22? Kilionekana kama sanduku lililosimamishwa. Nikasema hapa pana makosa ya uandishi, nikapunguza sentimita tatu kwa akili yangu mwenyewe. Kikapendeza kweli.

Aliyenisahihisha ni jirani yangu, fundi magari. Alikuja kuazima koleo, akakizunguka, akauliza, "Injini iko wapi?" Nyuma. "Na giaboksi?" Mbele. "Basi propela shafti inapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikatafuta, na jibu lenyewe ndilo kifaru chote. Injini ya M3 ilikuwa ya ndege: Continental ya silinda saba zilizopangwa duara kama spoku za gurudumu, inapozwa kwa upepo, nguvu ya farasi 250. Miaka ya 1930 jeshi la Marekani halikuwa na fedha za kubuni injini ya kifaru tangu mwanzo, na injini za ndege zilikuwapo, nyepesi na zenye nguvu. Kwa gari la tani 12 na ushee, ilikimbia karibu kilomita 58 kwa saa barabarani. Lakini injini ya duara inatoa shafti yake katikati ya duara, na katikati ya duara iko juu. Kwa hiyo propela shafti ilipita kwa mshazari katikati ya chumba cha askari, juu kabisa ya sakafu, na mwili ukalazimika kuinuka uifunike. Katika vile vya mwanzo mnara, yaani kile kichwa cha juu chenye mzinga, haukuwa na sakafu yake inayozunguka nao. Mnara ukigeuka, watu wawili waliokuwa ndani walitembea kuufuata huku wakiiruka shafti inayozunguka miguuni mwao. Wawili wengine, dereva na msaidizi wake, walikaa mbele.

Nikazirudisha zile sentimita tatu, na kifaru kikaanza kufanana na picha. Jirani yangu akadai soda yake, akapewa.

Magurudumu yakanila wiki tatu. Kila upande una magurudumu manne ya kukanyagia, mawili mawili kwenye springi zake, sproketi mbele, yaani gurudumu la meno la kuvuta mnyororo, na gurudumu kubwa nyuma la kukazia mnyororo. Mimi nililiinua lile la nyuma juu ya ardhi, kama nilivyozoea kuona kwenye mabuldoza. Nikaweka kifaru mezani, kikakaa kitako. Kilibonyea nyuma kama punda aliyepakiwa vibaya.

Kumbe na wenyewe walipita hapo. M3 ilitokana na kifaru kingine, M2A4, ambacho gurudumu lake la nyuma lilikuwa hewani hivyohivyo. Vita vya Ulaya vilipoonyesha kuwa bati lile ni jembamba mno, wakaongeza unene, mbele ukafika milimita 38 na baadhi ya sehemu 51. Uzito ukapanda, na mnyororo uleule ukawa haubebi. Dawa waliyoipata ni kulishusha gurudumu la nyuma hadi liguse ardhi, mnyororo ukalala kwa urefu zaidi na uzito ukasambaa. Nikalishusha la kwangu kwa kukata mkono wake nusu inchi. Kikasimama sawasawa. Nakiri nilicheka peke yangu kibandani, maana mimi na wahandisi wa Marekani tulikuwa tumepata dawa moja, ila wao hawakuwa na mwalimu mstaafu wa kuwasimamia kila Jumamosi.

Minyororo nilitaka kuitengeneza kwa cheni ya baiskeli, lakini ni nyembamba mno. Ndipo nikasoma kuwa ya Stuart ilikuwa na vipande vya mpira vilivyoungwa kwa pini, tena mojawapo ya sababu za kukiita asali ni kwamba minyororo ile ilidumu. Mpira! Nikaenda kwa washona makatambuga, nikanunua mabaki ya tairi kwa bei ya kutupa, nikakata vipande vya sentimita tatu na kuvitoboa kimoja kimoja kwa msumari wa moto. Waya wa kufungia nondo ndio ukawa pini. Moshi wake ulinifukuzia wateja siku mbili.

Ribiti, vile vipini vya chuma vya kuunganishia mabati, ndizo zilizonifurahisha, kwa sababu hapo ndipo kazi yangu na ya wale wa kiwandani zilipokutana. Mwili wa M3 uliungwa kwa ribiti, na minara ya kwanza pia. Fundi bati anajua ribiti ni kiungo cha kuaminika. Tatizo ni kwamba risasi ikiipiga kwa nje, kichwa cha ndani kinaweza kukatika na kuruka mle ndani kama risasi nyingine. Ndiyo maana minara ikahamia haraka kwenye kuchomelewa, na mwili ukafuata baadaye kwenye toleo la M3A3. Zangu ni za kudanganya: niligonga bati kwa nyuma kwa msumari butu, nukta baada ya nukta. Mzinga wa milimita 37 ni kipande cha antena ya redio. Mnara nilimaliza kwa siku moja na nusu tu, ni kopo la maziwa lililokunjwa pembe.

Ikabaki kukilaza. Na siwezi kukilaza kitu bila kujua kililazwaje.

Mwalimu akanipa kipande kimoja cha habari, vingine nikavitafuta. Brigedi ya 7 ya vifaru ya Mwingereza ilitolewa jangwani ikashushwa Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati ule, mwishoni mwa Februari 1942, na Stuart zake. Mji ukaanguka tarehe 8 Machi. Tangu hapo ni kurudi nyuma tu, zaidi ya kilomita 1,000 kuelekea mpaka wa India. Kule jangwani mzinga wake mdogo ulikuwa umeonekana dhaifu mbele ya Mjerumani, lakini Burma vifaru vya Mjapani vilikuwa vyepesi kuliko hata Stuart, na kazi kubwa ikawa kuvunja vizuizi barabarani na kuwalinda askari wa miguu waliochoka. Vilitembea umbali ambao mtengenezaji hakuufikiria, na tangi la petroli likijaa kilikwenda kilomita 120 hivi tu.

Kufikia tarehe 10 Mei vilikuwa Shwegyin. Mto hauna daraja, meli za kuvusha ni chache, Wajapani wameshapanda vilimani juu ya gati. Watu wakavuka. Vifaru vikaharibiwa na wenyewe waliovileta, visije vikatumiwa na adui, wakaondoka kwa miguu kwenda Imphal, India. Kimoja tu ndicho kilichovushwa.

Kwa hiyo chuma kile hakikushindwa na adui wala na njia, kilishindwa na kukosa pantoni. Nilipomwambia mwalimu hivyo alinyamaza kidogo. Kisha akasema wenzake baba yake walikuja kujenga daraja palepale Kalewa. Ni kweli kwamba Desemba 1944 mainjinia walitandika pale daraja la vyuma vya kuunganisha, refu kama mita 350, kwa saa 28 tu, na wakati huo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Hatukubishana nani hasa alilijenga. Divisheni ya 11 ndiyo iliyokuwa imeiteka ng'ambo.

Sasa kutu. Nilipaka maji ya chumvi, nikakiacha juani wiki nzima, hakikupata hata doa. Fundi mzima nimesahau kuwa bati langu limepakwa zinki! Nikakitoa nje, upande wa upepo, nikafunga kitambaa usoni, nikakipaka maji ya betri kwa brashi ya kuchakaa hadi zinki ikachemka na kuondoka. Usifanye hivyo chumbani, na vaa glovu za mpira, mimi nina alama kwenye kidole. Nikakisuuza, nikarudia maji ya chumvi. Safari hii hewa ya Dar ikamaliza kazi kwa siku nne. Nikakiegemeza kwenye kipande cha mti kwa upande, nikauachia mnyororo mmoja uanguke, nikafungua milango ya injini, nikapenyeza nyasi kavu za katani kwenye magurudumu.

Mwalimu alikuja kukichukua mwezi wa nne tangu aje mara ya kwanza. Akakitazama bila kusema, akasukuma mnara kwa kidole. Haukuzunguka, nilikuwa nimeulehemu makusudi. Akaitika kwa kichwa.

Kufikia hapo mimi ndiye niliyekuwa namsimulia yeye. Kwamba viliundwa zaidi ya 22,000 vya ukoo ule kabla ya kiwanda kuacha 1944. Kwamba Novemba 1948 Wahindi walivipandisha hadi njia ya mlimani ya Zoji La, Kashmir, mita zaidi ya 3,500, wakiwa wamevitoa minara njiani ili visitambuliwe, na maadui waliokuwa wakiwasubiri juu hawakutegemea kifaru mahali pale. Kwamba Wareno walipeleka vitatu Angola mwaka 1967, vizee tayari. Lakini yeye alinikatiza.

"Na kile kilichovuka?"

Kile kiliitwa Laana ya Scotland, jina la karata fulani kwenye mchezo wao. Kiliokolewa mtoni, baadaye kikatolewa mnara, kikawa gari la kamanda wa kikosi cha farasi cha Kihindi, na kikarudi Burma na jeshi lililorudi.

"Basi nitengenezee na hicho," akasema. "Hakina mnara, si ndiyo? Bei itashuka."

Nikamwambia, mwalimu, mnara ndio uliokuwa rahisi.